Ziwa Hili ni la Nani?

Kundi letu la kusoma hukutana Jumamosi moja kila mwezi, na mwezi huo zamu ya kuchagua ilikuwa yangu. Nikachagua insha ya E.B. White, "Once More to the Lake", iliyotoka katika jarida la Harper's mwezi Agosti 1941. Niliichagua kwa sababu naipenda, halafu ni fupi, kwa hiyo hakuna ambaye angekuja na kisingizio cha kazi. Tulizungumza vizuri karibu saa nzima: baba na mwana, wakati unavyopita, kifo kinachonyemelea katika sentensi ya mwisho kabisa. Kisha dada mmoja aliyekulia Naivasha, ambaye alikuwa kimya muda wote akinywa chai yake, akauliza: "Lakini jamani, ziwa hili ni la nani?"

Tulicheka. Si kwa ubaya. Lilionekana tu kama swali la mtu wa mashamba, si la mtu wa fasihi. Mimi niliyejifanya mwenye insha siku hiyo nikamjibu kwamba hilo halina uzito, ziwa ni ishara tu. Akaniangalia, akasema, "Sawa, kaka," kwa ile sauti ambayo ukiisikia unajua umeshindwa hoja. Nimekaa na swali lake tangu siku hiyo. Makala haya ni jibu langu lililochelewa, na ni kukiri pia kwamba yeye aliisoma insha ile vizuri kuliko sisi sote.

Kwa ambaye hajaisoma, kisa ni hiki. White, ambaye wengi wanamjua kwa kitabu cha watoto Charlotte's Web, anasimulia kwamba mnamo 1904 hivi baba yake alikodi kambi kando ya ziwa huko Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, akawapeleka wote huko kwa mwezi mzima wa Agosti. Wakawa wanarudi kila mwaka. Miaka mingi baadaye, White akiwa mtu mzima na mwenye mtoto wa kiume, anamchukua mwanawe na kurudi naye kwenye ziwa lile lile kwa wiki moja. Asubuhi ya kwanza wanaenda kuvua. Kereng'ende anatua kwenye ncha ya fimbo ya kuvulia, na hapo White anapata kizunguzungu: ni kana kwamba miaka yote ile haikuwahi kupita. Mashua ni ile ile, maji ni yale yale, na hajui tena kama mkono ulioshika fimbo ni wake au wa mwanawe. Yeye ni baba yake, na mwanawe ni yeye.

Wanapata besi wawili. Samaki huyu, ambaye Wamarekani humwita bass, ndiye mfalme wa uvuvi wa kujiburudisha kule kwao. White na mwanawe wanawavuta haraka haraka, bila hata wavu wa kuwapokelea, wanawagonga kisogoni, basi. Wanaogelea, kisha wanakwenda kula kwenye nyumba ya mkulima. Besi wawili, asubuhi moja, na juu yao mwandishi amejenga moja ya insha zinazosomwa sana katika shule za Marekani.

Sasa, ziwa hili ni la nani?

White hasemi. Halitaji hata jina. Anasema tu ni ziwa fulani la Maine. Waliofuatilia maisha yake wanajua ni Great Pond, mojawapo ya maziwa ya Belgrade. Anataja kwamba lilikuwa limezungukwa na nyumba ndogo za mapumziko, nyingine za wakulima wa jirani, kwamba hapakuwa pori hata kidogo. Lakini hakuna mahali anapoomba ruhusa, hakuna lango, hakuna mlinzi, hakuna mtu anayemuuliza anakwenda wapi na fimbo yake. Tena hiyo ndiyo raha ya insha yenyewe: ziwa linampokea kana kwamba lilikuwa linamsubiri.

Nilipoanza kuchimba niligundua kwamba ukimya huu una sheria nyuma yake. Maine ilikuwa sehemu ya Massachusetts hadi mwaka 1820, na ilirithi kanuni ya kikoloni ya miaka ya 1640 inayosema kwamba ziwa lolote la asili lenye ukubwa wa zaidi ya ekari 10 ni mali ya umma. Kila mtu anaruhusiwa kuvua humo. Na si maji tu: mtu anaweza kukatiza kwa miguu ardhi ya mwingine isiyolimwa ili ayafikie. Waliotunga kanuni ile walielewa jambo ambalo sheria nyingi zilizofuata zimelisahau, kwamba maji ya umma yasiyo na njia ya umma ni picha ya ukutani. Kwa hiyo ukiniuliza leo, jibu la kwanza ni hili: ziwa la White ni la kila mtu. Utulivu wake una msingi. Hatuoni lango kwa sababu kuna watu walioliondoa miaka mia tatu kabla yake.

Lakini jibu hilo peke yake halitoshi. White si mtu wa kupita njia. Baba yake alikodi kambi mwezi mzima, kila mwaka. Chakula kilipikwa na mikono ya wengine, kikaletwa mezani na wasichana wa kijijini, wale ambao White anasema bado wana umri ule ule aliowaacha nao, ila sasa wameona sinema na nywele zao zimeoshwa vizuri. Hiyo ni mojawapo ya sentensi zinazochekesha katika insha, na ndiyo inayoniuma zaidi siku hizi. Kwake yeye wasichana hawazeeki, kama vile ziwa lisivyozeeka. Haiwezekani. Wale wa zamani wamekuwa akina mama, na pengine mmojawapo yuko jikoni anakaanga. White haingii jikoni kuangalia.

Nisieleweke vibaya, simshtaki White. Insha yake inajua kwamba inajidanganya. Anaona kwamba barabara ya udongo iliyokuwa na mistari mitatu sasa ina miwili: ule wa katikati, wa kwato za farasi, umefutika. Anasikia injini za mashua zikinguruma kama mbu mahali palipokuwa na utulivu. Na mwishoni, mwanawe anapovaa kaptula ya kuogelea iliyolowa, baridi ya nguo ile inampata baba, na baridi hiyo ni mauti. Uongo wote wa ziwa lisilobadilika unavunjika katika mstari mmoja. Hapo ndipo ukuu wake ulipo. Ninachosema ni kwamba kuna uongo wa pili ambao insha haiuvunji kwa sababu haijui kama iko ndani yake. Hata besi wenyewe hawakuwa wenyeji wa Maine. Waliletwa na watu katika karne ya 19. Samaki anayebeba umilele wa ziwa ni mgeni aliyefika juzi tu, tena kwa usafiri wa binadamu.

White ana ndugu wengi katika uandishi huu. Wamarekani wana utanzu mdogo usiofundishwa vyuoni: simulizi ya siku moja ya uvuvi. Majarida kama Field & Stream, lililoanza 1895, yameuchapa kwa zaidi ya karne nzima. Nimesoma nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na nyingi kati yake hazifanyiki kwenye ziwa la umma kama la White. Zinafanyika kwenye ziwa la mtu binafsi, hasa katika majimbo ya kusini.

Muundo wake haubadiliki. Sentensi ya kwanza au ya pili inasema rafiki ana ziwa, au rafiki wa rafiki, na amewaalika. Wanafika alfajiri, ukungu bado uko juu ya maji. Asubuhi ni ya besi: wanatupa chambo cha bandia kando ya magugu na magogo, kwa sababu besi ni mviziaji, hujificha akangoja. Akimeza, anaruka nje ya maji na kutikisa kichwa. Jua likipanda wanahamia kwa krapi, samaki bapa mwenye rangi ya fedha na madoa meusi, anayetembea kwa makundi na kupenda miti iliyozama. Huyu humvui kwa mabavu. Mdomo wake ni mwembamba kama karatasi. Ukivuta kwa nguvu unachanika, naye anakwenda zake. Unamshushia kidagaa au chambo kidogo chini ya chilezo, unasubiri. Jioni wanakaanga, wanahesabu, wanaagana.

Kuna jambo la kifasihi katika samaki hawa wawili ambalo waandishi wa simulizi hizi hawalisemi, lakini wanalitumia kila mara. Besi ni wa hadithi, krapi ni wa kikaangoni. Tangu mwaka 1972, chama cha wavuvi wa besi kilichoanzishwa na Ray Scott huko Alabama miaka minne kabla kilipoanza kuhimiza watu wawarudishe majini wakiwa hai, imekuwa karibu aibu kwa mvuvi wa besi kumla aliyemvua. Anampima, anampiga picha, anamwachia. Krapi hana heshima hiyo. Nyama yake nyeupe na laini ndiyo inayotafutwa. Huko Louisiana wanamwita kwa Kifaransa sac-à-lait, yaani mfuko wa maziwa ya kunywa. Kwa hiyo ndani ya mashua moja, siku moja, mna maadili mawili: samaki wa kuchezwa na samaki wa kuliwa. Msomaji wa Kiswahili analiona hili haraka, maana sisi methali zetu za uvuvi ni za kazi na za tabia. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Samaki mkunje angali mbichi. Sikumbuki hata moja inayosema samaki ni wa kumbusu na kumrudisha.

Na ziwa lenyewe? Mara nyingi si ziwa. Ni bwawa: mtu ameziba kijito kwa tuta la udongo, akasubiri mvua, akanunua vifaranga vya samaki. Tangu miaka ya 1930, Homer Swingle na wenzake huko Auburn, Alabama, walitengeneza sayansi nzima ya jambo hili: besi wangapi kwa samaki wadogo wangapi wa kuwalisha, na kwa nini uogope kumweka krapi katika bwawa dogo, kwa kuwa atazaana hadi wote wadumae. Ndiyo maana katika simulizi nyingi mwenye ziwa anamwomba mgeni asirudishe besi wadogo, awachukue, ili wakubwa wabaki na chakula. Mgeni anafurahi. Hagundui, au hasemi, kwamba amepewa kazi ya shamba. Amealikwa kupalilia.

Hapa ndipo swali la yule dada linapochoma. Katika simulizi hizi, neno zito kuliko yote ni lile la mwanzo, "amenialika". Baada ya hapo lango linafunguliwa, linafungwa nyuma yao, na halitajwi tena. Kila kinachofuata, ukungu, ndege, utulivu, undugu wa wanaume wawili ndani ya mashua, kinaelezwa kana kwamba ni zawadi ya Mungu moja kwa moja. Ni zawadi ya mwenye ufunguo. Simulizi inayosahau ufunguo inaweza kuwa nzuri, lakini itabaki simulizi ya mgeni anayemsifu mwenyeji huku mdomo umejaa.

Je, kuna namna nyingine ya kuandika siku ya uvuvi? Ipo, na ilichapishwa miaka minne kabla ya insha ya White.

Zora Neale Hurston alitoa riwaya yake Their Eyes Were Watching God mwaka 1937. Sehemu kubwa inatokea Eatonville, Florida, mji wa watu weusi uliosajiliwa rasmi mwaka 1887, ambako Hurston mwenyewe alikulia. Janie ni mjane wa meya, Joe Starks. Ameachiwa nyumba na duka. Katika ndoa ile hakuruhusiwa kucheza: hakuruhusiwa kukaa barazani na watu wakipiga soga, hakuruhusiwa kwenda kwenye mazishi ya utani ya nyumbu ambayo mji mzima ulihudhuria, nywele zake zilifungwa kitambaa. Halafu anaingia Tea Cake, kijana asiye na kitu, anamfundisha kucheza bao la dama. Kisha usiku mmoja anamwambia waende kuvua.

Saa hizo ni usiku wa manane! Wanachimba nyungunyungu kwa mwanga wa taa, wanaelekea ziwa liitwalo Sabelia, na Janie anajihisi kama mtoto anayevunja sheria. Hurston hatuelezi sana kuhusu uvuvi wenyewe. Wanapata samaki wawili, watatu, wanarudi kabla ya kupambazuka. Kisha Janie inambidi amtoe Tea Cake kwa siri, kupitia lango la nyuma.

Niliposoma tena ukurasa ule baada ya Jumamosi yetu, niliweka kitabu chini. Lango hilo hapo! Limeandikwa waziwazi. Na tazama liko wapi: haliko ziwani. Liko uani kwa Janie mwenyewe, kwenye nyumba ambayo ni yake kwa urithi. Mwenye lango ndiye anayelipita kwa kunyatia. Kinachomzuia si sheria ya maji wala mlinzi mwenye mbwa. Ni macho ya mji wake mwenyewe, watu wake mwenyewe, wanaosema mjane wa meya hawezi kuonekana na kijana fukara mwenye ndoana.

Ingekuwa rahisi kuandika hapa kwamba White ni mzungu na ana mchana, Hurston ni mweusi na ana usiku, kisha nifunge makala. Nilitaka kuandika hivyo. Riwaya ilinikataza. Hurston hasemi kwamba ziwa limefungwa kwa Janie kwa sababu ya rangi. Anasema jambo gumu zaidi: hata ukiwa na ardhi, na duka, na nyumba, na mji wenu wenyewe, bado kuna lango la ruhusa ya kufurahi, na funguo zake wanazo majirani. Jibu lake kwa yule dada lingekuwa kwamba ziwa ni la yule ambaye haoni haya kuonekana akienda.

Usiku mwingine Tea Cake anarudi na mtungo wa samaki wabichi kama zawadi. Yeye atawaparua magamba, Janie atawakaanga, watakula pamoja. Baadaye Janie anasinzia, na anapoamka anamkuta Tea Cake anamchana nywele, zile zile zilizokuwa zimefungwa miaka yote. Linganisha na meza ya White. Kule, wavuvi wanakaa, chakula kinakuja. Hapa, aliyevua anasafisha, mwenye nyumba anakaanga, na hakuna anayemtumikia mwenzake bila mwenzake kumtumikia. Sijui ukurasa mwingine ambamo samaki wa kukaanga wamebeba mapenzi kiasi hiki.

Samaki hao ni wa aina gani? Hurston anawaita trout. Msomaji wa haraka anapita tu. Mfasiri wa haraka ataandika "trauti", na kwa msomaji wa Kenya atakuwa ameharibu. Trauti tunamjua: ni samaki wa mito baridi ya Mlima Kenya na Aberdare, aliyeletwa na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya burudani yao. Akisoma "trauti" ataona kofia pana, viatu vya mpira na klabu. Lakini maziwa ya Florida yana joto. Trauti haishi humo. Katika lugha ya watu wa kusini mwa Marekani, weusi kwa weupe, jina hilo kwa muda mrefu lilikuwa la besi. Yaani samaki wa Tea Cake, kwa kila dalili, ni yule yule wa White. Samaki mmoja, miaka minne kati ya kitabu na insha: mmoja anamvua mchana na kupata umilele, mwingine anamvua usiku na kupata mapenzi. Na kwa kuwa wanamwita kwa majina tofauti, hakuna aliyewaweka kwenye sahani moja, angalau katika darasa nililokaa mimi.

Kwa hiyo siku mtu atakapoitafsiri riwaya hii kwa Kiswahili, ombi langu ni dogo: aandike besi. Tunalo neno hilo, na tunaye samaki.

Maana besi yuko hapa. Aliletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati wa ukoloni, kwa sababu ile ile ya kule kwao: ili walowezi wawe na mchezo wa Jumapili. Uvuvi wa nyavu, wa kuuza na kula, ulikuja baadaye. Siku hizi mvuvi wa Naivasha anategemea zaidi samaki wengine, na besi amekuwa wa nadra. Lakini yupo, na historia yake yote imo ndani ya swali la yule dada. Alikulia huko. Amezoea kuona maji kati ya nguzo za ua. Sehemu kubwa ya ufuo imepakana na mashamba ya maua, hoteli na nyumba za watu binafsi, na mahali ambapo mwananchi anaweza kushuka hadi majini bila kuulizwa ni pachache. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 62, inahesabu maziwa kuwa ardhi ya umma. Sawa kabisa na Maine. Tofauti ni kwamba wale wa miaka ya 1640 walikumbuka kuandika na njia.

Kuna jambo la mwisho, na hili linatuhusu sisi wasomaji na wahakiki. Riwaya ya Hurston ilipotoka, Richard Wright, mwandishi mkubwa mweusi wa wakati ule, aliihakiki kwa ukali katika New Masses. Kwa ufupi alisema haina dhamira, haina ujumbe, haina fikra. Kitabu kikaja kupotea madukani kwa miaka mingi. Hurston akafariki mwaka 1960 akiwa fukara. Ni Alice Walker, kwa makala yake ya 1975, aliyesaidia sana kuwarudisha wasomaji kwake, na riwaya ikachapishwa tena mwaka 1978.

Kila nikisoma hukumu ile ya Wright nasikia sauti ninayoijua. Ni ya mwalimu wa fasihi, ni ya karatasi ya mtihani, na kusema kweli ni yangu mimi pia: taja dhamira tano, eleza ujumbe wa mwandishi, toa mifano. Tumefundishwa kumpa mhusika maskini haki ya kuteseka, kugoma, kupigana na kufa. Tukimkuta amekaa kando ya maji usiku wa manane, hana njaa ya kumtuma, anacheka tu na mtu anayempenda, tunapitisha jicho kutafuta ukurasa wenye ujumbe. White akipumzika, tunasema anatafakari wakati. Janie akipumzika, Wright anasema hakuna fikra. Hilo nalo ni lango. Na walinzi wake, safari hii, ni sisi.

Ndiyo maana sikubali tena jibu langu la siku ile, kwamba ziwa ni ishara tu. Ziwa linakuwa ishara kwa mtu aliyekwisha kuruhusiwa kuingia. Kwa aliye nje ya ua, ziwa ni maji, samaki, njia, na swali la nani atamwona. White ameandika vizuri ajabu kuhusu kinachotokea ndani ya mashua ukishakuwa ndani. Simulizi za maziwa ya binafsi zinatuambia, bila kukusudia, mengi mno kuhusu ukarimu wa mwenye ufunguo. Ni Hurston peke yake, kati ya hawa, aliyekumbuka kwamba kuvua kunaanza nyumbani, mlangoni, kabla hujagusa maji. Na kwamba kurudi salama nako ni sehemu ya hadithi.

Mwezi ujao ni zamu ya yule dada kuchagua. Nimempigia simu kumwomba msamaha kwa kicheko kile, nikamweleza habari ya kanuni ya Maine, ya lango la Janie, na ya besi aliyejificha nyuma ya jina la trauti. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kuna njia moja karibu na kwao, kati ya mashamba mawili, ambayo babu yake alikuwa akipita kwenda kuvua, na kwamba mara ya mwisho alipokwenda alikuta imewekwa nyaya. "Hiyo ndiyo niliyokuwa naifikiria," akasema. "Nyinyi mlikuwa mnaongea juu ya kifo."